"Imesema ipo, alafu inasema haipo": arei zilivyotutesa kwenye edita yetu

Mei 2024 ndo nilijua ile orodha ya mapendekezo kwenye edita, programu ya kuandikia msimbo, ni kitu kizito kuliko nilivyokua nafikiria. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikasinzia nchi nzima, na huku kwetu Mtwara ukiweka bando unaangalia tu kiduara kinazunguka mpaka unazima data mwenyewe. Na hapo tulikua ndo tumetoka kwenye kimbunga Hidaya, mvua zimekula barabara ya Dar upande wa Kilwa, kwahiyo kusini tulikua kama tumetengwa ivi.

Mimi nafundisha vijana Java, lugha ya kuandikia programu, kwenye chumba cha kupanga pale Magomeni. Kompyuta tisa za mtumba, ramu giga 4, mbili kati ya hizo zina giga 2. Edita kubwa kubwa ukizifungua humo feni inapiga kelele alafu mashine inaganda, ndo maana mimi na mwenzangu mmoja anaeishi Lindi mjini tuliandika edita yetu ndogo, nyepesi, haidai intaneti. Kwa asiejua, orodha ya mapendekezo ni hivi: unaandika jina la kitu, unaweka nukta, edita inakushushia orodha ya vitu vyote unavyoweza kuandika baada ya hiyo nukta, unachagua, unabonyeza Enta, umemaliza. Siku za kawaida mwanafunzi akikwama anachungulia simu. Wiki ile simu zilikua tochi tu. Kilichobaki cha kuwaambia ukweli wa Java ni mimi na hiyo orodha, na mimi niko mmoja na wao ni kumi na nne.

Zoezi lilikua daftari la mizani ya korosho. Kila mmoja huku anajua korosho inavyopimwa chama cha msingi, mkulima analeta magunia leo, anarudi wiki ijayo na mengine, kila safari inapimwa na kuandikwa, ndo mwisho ujumlishe. Tukawa na klasi ya `Mkulima`, yaani kielelezo cha kila mkulima, ndani yake ina `jina`, `kijiji` na metodi, yaani kitendo, ya `jumlaYaKilo()`.

Binti mmoja toka Tandahimba aliandika `Mkulima[] wakulima = new Mkulima[12];`, hiyo ndo arei, jina moja lenye nafasi 12 za wakulima, mstari wa chini akaandika `wakulima` akaweka nukta. Orodha ikashuka: jina, kijiji, jumlaYaKilo. Akachagua jumlaYaKilo, na ukifikiria ni jambo la akili kabisa, si alikua anataka jumla ya wakulima wote. Akaendesha, kompaila, ile inayogeuza msimbo kua programu, ikamtolea "cannot find symbol", yaani jina hilo halipo. Akafuta. Akaandika tena, nukta, orodha ikashuka ileile, akachagua tena. Mimi nilikua upande wa pili nahangaika na mashine iliyogoma kuwaka. Nilivyofika kwake nikakuta kaunta buku iko wazi pembeni ya kibodi, ameandika kwa kalamu j-u-m-l-a-Y-a-K-i-l-o, herufi mojamoja, na chini ya kila herufi ameweka alama ya vema, alikua anahakikisha hajakosea tahajia.

Akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Hii imesema ipo, nimeichagua humohumo kwenye orodha, alafu nikiendesha inasema haipo. Mimi nakosea wapi?"

Nikamjibu marahaba, hujakosea popote, iliyokosea ni edita. Akaniangalia kama mtu anaefarijiwa tu. Lile jicho lilinikaa. Maana yeye alikua na vitu viwili anavyoviamini, kompaila na orodha, vikagombana mbele yake, na katika huo ugomvi akaona mwenye makosa ni yeye. Sikuwahi kufikiria kwamba pendekezo la uongo linafanya hivyo kwa mtu. Sisi wazoefu tukipewa pendekezo bovu tunalipuuza tunaendelea, hatulioni hata. Anaejifunza hana pa kulipimia.

Jioni nikafungua msimbo wa edita. Sikutafuta sana, mstari wenyewe upo na niliuandika mimi:

`jinaLaAina.replace("[]", "")`

Nakumbuka kwanini niliuweka. Edita yetu ikitaka kujua kitu kina nini ndani, inachukua jina la aina yake inatafuta klasi yenye jina hilo. `Mkulima` inaipata kwenye `Mkulima.java`. Ila `Mkulima[]` haina faili, hakuna mahali popote duniani palipoandikwa klasi ya `Mkulima[]`, arei kwenye Java zinatengenezwa na mashine yenyewe ya Java wakati programu inatembea. Kwahiyo utafutaji ulikua unarudi mtupu, orodha haishuki, na mimi nikaona dawa ni kuyafuta mabano ya mraba ili utafutaji upate kitu. Ukapata kitu kweli. Ukapata kisicho chenyewe. Gunia la korosho sio korosho, ukiuliza gunia lina uzito gani na ukiuliza korosho moja ina uzito gani ni maswali mawili, edita yetu ilikua inalijibu la pili kila ukiuliza la kwanza.

Nikaufuta ule mstari. Nikaweka: kama aina inaishia na mabano ya mraba basi hii ni arei, toa `length` ya urefu, toa `clone()` ya kunakili, na zile zinazorithiwa toka `Object`, klasi mama ya zote. Nikajaribu `wakulima.` nikaona `length` imekaa juu kabisa. Nikalala na furaha.

Asubuhi kijana mmoja wa Mikindani, dakika kumi hazijaisha, "Mwalimu leo haitoi kitu." Ameandika `wakulima[0].` na orodha ni tupu. Jana yake hiyo ilikua inafanya kazi! Ilikua inafanya kazi kwa bahati, kwasababu uongo wa kufuta mabano ulikua unamsaidia aliefungua arei na kuchukua kitu kimoja, na unamdanganya alieishika arei nzima. Nimeondoa uongo, nimeondoa na msaada.

Hapa ndo nilianza kuheshimu hili tatizo. Sikutakiwa kufuta wala kuacha, nilitakiwa kuhesabu. Kila ukiweka indeksi moja, ile namba ya nafasi ndani ya mabano, unavua ganda moja tu. Na ndo mfano wa mizani ukaonyesha vizuri kuliko kitabu chochote, maana sehemu ya pili ya zoezi ilikua `double[][] mizani`, safu moja kwa kila mkulima, na ndani ya kila safu kilo za kila safari aliyoleta. Wengine wameleta mara mbili, wengine mara saba, safu hazilingani urefu, na Java inaruhusu hilo bila shida kwasababu arei ya arei ni arei iliyobeba arei nyingine, sio meza ya mraba. Kwahiyo `mizani.length` ni idadi ya wakulima. `mizani[3].length` ni mara ngapi mkulima wa nne amepima. `mizani[3][0]` ni kilo, ni `double` tupu, namba ya desimali, ukiweka nukta hapo haina kitu cha kutoa na haitakiwi kutoa kitu. Majibu matatu tofauti toka kwenye jina moja. Ule mstari wangu wa zamani ulikua unafuta mabano yote kwa mpigo, `double[][]` inakua `double`, kwahiyo kote kote orodha tupu, na mwanafunzi anaondoka anaamini safu ya mkulima haina urefu wa kuuliza.

Mwenzangu wa Lindi alikuja Jumamosi na kosta ya asubuhi, tulizoea kutumiana kazi kwa mtandao ila wiki hiyo kazi ilisafiri kwenye flashi mfukoni mwa mtu, ikapita Mingoyo ikaja Mtwara. Tulikaa nje kwenye baraza, tunakula ming'oko ya kuchemsha, laptopu iko kwenye kigoda. Nikamuonyesha nilivyorekebisha: nahesabu mabano mwishoni mwa jina, naondoa jozi moja kwa kila indeksi. Akasoma kimya muda mrefu. Alafu akasema, "Kaka, bado unashona kwenye maneno. Aina sio neno. Aina ni kitu." Nikambishia kidogo, nikamwambia inafanya kazi. Akaandika mstari mmoja tu kwenye faili la majaribio, `mstari.split(",")[0].`, na mbele yangu orodha ikaja tupu.

Hii bagi, yaani kosa la programu, ndo naipenda kuliko zote kuisimulia kwasababu bila yeye ningekaa nayo mwaka mzima. `String` ni aina ya maandishi, na `split` yake inayakata vipande, inarudisha arei ya `String`. Ila hiyo `split` haiko kwenye faili za mwanafunzi, iko kwenye maktaba ya Java yenyewe ambayo edita yetu inaisoma ikiwa imeshakompailiwa, na humo ndani aina hazijaandikwa kama tunavyoziandika sisi. Arei ya String humo imeandikwa `[Ljava/lang/String;`. Bano la mraba la kufungua tu, halifungwi, linakaa mbele. Herufi L inasema hapa linaanza jina la klasi, nukta mkato inasema limeishia hapa. `double[][]` humo ni `[[D`. `int[]` ni `[I`, `boolean` inaandikwa `Z` na `long` inaandikwa `J`. Ndo maana pia ukichapisha arei ya `int` kwa `println` unaona takataka inayoanza na `[I@`, wanafunzi huwa wananiuliza hiyo ni nini, ni jina hilohilo la ndani limetoka nje, na anaetaka kuona vilivyomo atumie `Arrays.toString`.

Sasa mimi nilikua nahesabu mabano mwishoni mwa jina. `[Ljava/lang/String;` inaishia na nukta mkato. Kwa hesabu yangu sio arei. Kitu kimoja, majina mawili, na edita inajua jina moja. Na kumbe ilikua inavujisha hilo jina la pili kwenye orodha yenyewe, ukisimama kwenye `split` pembeni panaandikwa `[Ljava/lang/String;` kama aina inayorudi, kuna mtu alishaniuliza hiyo alama zamani nikamwambia usiijali. Sikutakiwa kumjibu vile. Alikua ananionyesha bagi kwa kidole.

Basi tukakubaliana tuvunje. Aina ikaacha kua neno, ikawa kitu chenye sura mbili: ama ni klasi au aina ya msingi kama `int`, ama ni arei ya aina nyingine. Basi. Arei ya (arei ya (double)). Ukiweka indeksi unauliza, wewe ni arei? Kama ndio nipe cha ndani. Kama sio, hiyo indeksi ni kosa, sina pendekezo. Toka faili la mwanafunzi mabano ya mwisho yanageuzwa kua sura hiyo, toka maktaba mabano ya mbele yanageuzwa kua sura hiyohiyo, na baada ya mlango huo hakuna tena mahali ndani ya edita panaposoma mabano. Kuandika hiyo sura ilikua kama mistari 60. Kutafuta kila kona iliyokua inachezea jina kama neno ilituchukua siku tatu, tulizikuta 31, nilizihesabu kwa kuziwekea alama kwenye karatasi, nyingine zipo sehemu ambazo huwezi kudhani, mfano ile inayopanga orodha kwa alfabeti.

Baada ya hapo vingine vikaja vyepesi, sio kwamba havikuwepo, ila vilikua na mahali pa kukaa. Java inaruhusu kuweka mabano kwenye jina la kitu badala ya kwenye aina, mtindo uliotoka lugha ya C, kwahiyo `int a[], b;` hapo a ni arei na b ni namba moja tu, na `int[] a, b[];` hapo b ni arei ya arei. Edita ilikua inasoma aina mara moja mwanzoni mwa mstari inawagawia wote sawa. `String... majina` kwenye metodi, ukiwa ndani ya metodi hiyo ni arei, ina `length` kama kawaida. Na `for (var m : wakulima)`, hiyo `var` iliyokuja na Java 10 mwaka 2018, edita inatakiwa ivue ganda moja yenyewe ijue m ni `Mkulima`.

Ila kuna moja nataka nikae nayo kidogo, mabano ya duara. Arei ina `length` bila mabano. `String` ina `length()` na mabano. `ArrayList`, orodha inayoweza kurefuka, ina `size()`. Mtu anaeanza hivi vitatu vinamchanganya wiki za mwanzo zote, na orodha yetu ilikua inamuandikia `length()` na mabano hata kwenye arei! Edita yetu na ile sehemu inayotafuta mapendekezo zinaongea kwa LSP, ule utaratibu uliotangazwa mwaka 2016 na Microsoft wakiwa na wenzao, na humo kila pendekezo linabeba namba ya kusema ni kitu gani, 2 ni metodi, 5 ni sehemu ya data. `length` ya arei nilikua nimeituma na 2, na sisi kila chenye 2 tunakiongezea mabano. Namba moja. Nimebadilisha 2 kua 5, na hilo ndo badiliko dogo kuliko yote tuliyofanya na naamini ndo limesaidia watu wengi kuliko yote.

Alafu tukaamua mpangilio. `wait` na `notify` na `hashCode` zipo kwenye arei kweli, zimerithiwa, siwezi kuzificha nikasema hazipo. Ila nani ameshika daftari la mizani anahitaji `notify`? Tukaweka `length` juu, `clone()` inafuata, zingine chini kabisa. `equals` nayo tumeishusha makusudi, kwasababu kwenye arei haikulinganishii vilivyomo, inakuuliza tu kama hizi mbili ni arei ileile moja, anaetaka kulinganisha kilo kwa kilo aende `Arrays.equals`. Kuna watakaosema edita isiwe na maoni, ipange kwa alfabeti. Mimi nimekaa nyuma ya vijana wanachagua cha kwanza kinachoonekana na sikubaliani nao.

Kilichonitesa kwa upande mwingine kabisa ni pale mtu anapoandika katikati ya programu. Anasimama kwenye mstari, anaandika `mizani[i].` na mstari wa chini yake tayari una `jumla = jumla + 1;`. Kwa Java kushuka mstari ni sawa na nafasi tu, kwahiyo kichanganuzi, sehemu ya edita inayosoma msimbo, kinaunganisha, kinasoma `mizani[i].jumla = jumla + 1;` na kinaona ni sentensi safi kabisa, kinadhani umeshamaliza kuandika na unaongelea `jumla`. Orodha haiji. Dawa yake ni ya zamani na edita nyingi zinaitumia, kabla ya kuchanganua unachomeka neno la bandia pale pale kishale kinapowaka, na sisi tunaweka na nukta mkato baada yake, inakua `mizani[i].zzbandia;`, kichanganuzi kinapata sentensi iliyofungwa, kikifika kwenye hilo neno kinajua hapa ndo mtu anasubiri. Mwanafunzi hilo neno halioni kamwe.

Kila bagi tuliloua tumeliwekea jaribio. Faili fupi la Java, alama ya `|` mahali kishale kilipo, na chini orodha inayotakiwa kutokea na, hili ndo tulilisahau mwanzoni, orodha ya visivyotakiwa kutokea. Jaribio la kwanza kabisa ni mistari mitatu ya yule binti wa Tandahimba kama alivyoiandika, na linasema `length` iwepo na `jumlaYaKilo` isiwepo. Tunayo 58 sasa, zote zinakimbia kwenye ile mashine ya giga 2 kwa sekunde zisizofika nne.

Moja bado inafeli. `List<Mkulima[]> vikundi`, yaani orodha iliyobeba arei za wakulima, ukiandika `vikundi.get(0).` inatakiwa ikupe `length`, inakupa jina, kijiji, jumlaYaKilo, kilekile cha siku ya kwanza. Pale `List` inapobadilisha ile E yake, herufi inayoshikilia nafasi ya aina, kua aina halisi kuna kona bado inabeba jina badala ya kitu, ya 32 hiyo, hatukuiona. Nimeiandikia jaribio na nimeliacha jekundu. Darasani nimewaambia kwa mdomo, mkifika kwenye `List` ya arei msiiamini orodha, niiteni.